Mambo? Poa! Kweli Poa?

Unatunga nyimbo lakini huna pesa ya studio? Msikie Daniel Johnston wa Marekani.

Mwaka 1981 alikuwa na miaka 20. Albamu yake ya kwanza, Songs of Pain, aliirekodi nyumbani kwa wazazi wake: piano, sauti inayotetemeka na rediokaseti ya bei rahisi. Mwanzoni hakuwa na kifaa cha kunakili. Rafiki akitaka kaseti, Johnston alikaa akaimba upya! Mwaka 1992 Kurt Cobain wa Nirvana alionekana na fulana yenye mchoro wa Johnston, na jina likavuma.

Lakini Johnston alikuwa mgonjwa wa akili. Mwaka 1990, wakiwa angani kwenye ndege ndogo aliyoiendesha baba yake, alizima injini akatupa ufunguo nje. Ndege ilianguka, wote wakapona.

Wapo wanaosema kipaji chake kilitokana na wazimu. Si kweli! Ugonjwa ulimkatizia kazi mara nyingi. Dawa na matunzo ya familia vilimsaidia kuendelea kuimba kwa miaka mingi. Alifariki 2019.

Wewe je? Rafiki yako akikosa usingizi siku nyingi, akisikia sauti msizozisikia, au akisema heri afe, usimcheke wala kumwita chizi. Hajalogwa. Usimwache peke yake. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini, aende hospitali mapema. Matibabu yapo.

Na ukimuuliza "mambo?" akajibu "poa" huku macho yamemlegea, muulize tena.