Msumeno wa Mnyororo na Winchi

Mti mkubwa uliosimama peke yake uwandani hukatwa shinani, nao huanguka chini. Lakini mti uliozungukwa na nyumba, ukuta na nyaya za umeme hauna mahali pa kuangukia. Huo hukatwa kuanzia juu, kipande kwa kipande, na kila kipande huchukuliwa na winchi, yaani mtambo wenye mkono mrefu wa chuma uinuao vitu vizito na kuvitua mahali pa salama.

Huko Uingereza kazi hii hufanywa sana kwa sababu ya ugonjwa wa miti iitwayo eshi, uletwao na kuvu, ambao ulitambuliwa nchini humo mwaka 2012. Mti mgonjwa hukauka, na matawi yake hukatika upesi. Haufai kufungiwa kamba za kushushia magogo, kwa hiyo uzito hubebwa na winchi. Na mti uliooza sana haupandwi na mtu kabisa; hukatwa na mtambo wenye makucha na msumeno mwishoni mwa mkono wake.

Msumeno wa kazi hii una mnyororo wenye meno, uzungukao bapa la chuma. Mwaka 1929 Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wa namna hii uendao kwa petroli. Ulikuwa na uzito wa kilo 46, ukashikwa na watu wawili. Siku hizi msumeno mdogo wa kupanda nao mtini una kilo 3 au 4 tu, na ule wa kukatia mashina hupita kilo 6.

Fundi huchaguaje? Kwa matawi huchukua ule mdogo, kwa maana mkono uliochoka hukosea. Kwa shina huchukua ule mkubwa, wenye bapa refu kupita unene wa shina. Bapa likiwa fupi, itambidi akate kwa pande mbili. Na mikato miwili isipokutana sawasawa, kipande hukwama, kisha hung'oka kwa ghafula. Tena hunoa meno na kujaza petroli kabla ya kupanda.

Sasa na tutazame jinsi msumeno unavyofungwa. Msumeno mdogo hutundikwa kwa ukanda penye mikanda ya kiunoni mwa mpandaji, usije ukaponyoka ukawaangukia walio chini. Kabla ya kuuachilia uning'inie, yeye huusimamisha mnyororo na kutia breki.

Lakini ukanda huo huo waweza kumwua. Gogo la mti mbichi lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 1 huweza kuwa na uzito wa kilo 700. Winchi huliinua bila shida, wala haitambui kwamba bapa la msumeno limebanwa ndani yake na kwamba mtu amefungwa kwenye msumeno ule. Gogo likienda, msumeno huenda, na mtu huvutwa pamoja nao. Kwa sababu hiyo ukanda wa msumeno hufanywa uwe na mahali dhaifu, pakatikapo ukivutwa kwa nguvu nyingi. Msumeno mkubwa huweza kutundikwa kwa kamba yake yenyewe, mbali na mwili wa mpandaji.

Mwendesha winchi naye ana sehemu yake. Akivuta kidogo mno, gogo hulala juu ya bapa na kulibana. Akivuta kupita kiasi, gogo huruka juu mara likatikapo. Hivyo huvuta kwa kadiri ya uzito wa gogo lenyewe. Mkato ukiisha, mpandaji huuchomoa msumeno, hujitenga kando, ndipo atoapo ishara ya kuinua. Ikiwa msumeno umekwama, haagizi kuinua. Huufungua kwanza mwilini mwake, kisha hukata kwa msumeno wa pili.

Watu husifu nguvu za mtambo, lakini kilichomrudisha fundi nyumbani salama ni ukanda mdogo uliopimwa vema. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI
1. Kwa nini mti mgonjwa haufai kufungiwa kamba za kushushia magogo?
2. Mahali dhaifu katika ukanda pana faida gani?
3. Eleza yatokeayo winchi ikivuta kidogo mno.