Kreatinini nzuri isitudanganye kwa wazee

Tuchukue mama wa miaka 75 anayeshuka kutoka Masereka kuja Butembo kupimwa kabla ya kuanza dawa za saratani. Ana kilo 45, na kreatinini yake ni miligramu 1.0 kwa desilita. Karatasi ya maabara itasema hali ni ya kawaida, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Kreatinini hutoka kwenye misuli na husafishwa na figo, lakini uzee pamoja na saratani hula misuli, kwa hiyo hata figo zikichoka namba haipandi sana. Kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976 huchukua 140, hutoa umri, huzidisha kwa uzito, kisha hugawanya kwa kreatinini mara 72. Kwa mwanamke jibu hupunguzwa kwa asilimia 15. Figo za mama huyu zinasafisha takriban mililita 35 kwa dakika. Mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70 na kreatinini hiyohiyo anapata 97.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa. Sisplatini, inayotumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi, hutolewa na figo na huziumiza. Usafishaji wa figo ukiwa chini ya 50, madaktari wengi huiepuka. Dozi ya karboplatini, dawa nyingine ya saratani, hukokotolewa kwa kanuni ya Calvert ya mwaka 1989, na kwa kiwango kinacholengwa cha dawa mwilini (AUC) cha 5 mama huyu angepewa miligramu 300, yule mwanamume 610. Kuna watakaosema kanuni ya 1976 ilitokana na wagonjwa 249 tu na ilitungwa kwa wanaume. Ni kweli, ni makadirio, lakini makadirio yanayohesabu umri na uzito ni bora kuliko namba isiyojua lolote kati ya hayo. Wengine wanahofia kwamba kupunguza dozi ni kumnyima mzee nafasi ya kupona. Hofu hiyo ni ya haki pale dozi inapokatwa kwa kuangalia mvi. Hesabu humlinda pia mzee mwenye figo imara, apewe dozi kamili. Tena uvimbe wa mlango wa kizazi unaweza kuziba mirija ya mkojo. Ekografi ikionyesha mirija imeziba na mkojo ukafunguliwa njia, figo huweza kupata nafuu.

Ndugu mnaomsindikiza mzee, iwe Butembo, Beni, au kupitia Kasindi hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Kampala, bebeni karatasi zote za maabara, mtajieni daktari kila kidonge cha maumivu, hasa diklofenaki na ibuprofeni zinazoweza kuumiza figo, na kabla serumu haijatundikwa ulizeni: figo zake zinasafisha kiasi gani?