Jeraha Lisiloonekana: Kiwewe cha Utotoni na Afya ya Akili

Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa miaka mingi methali hii imetumiwa kuhalalisha kiboko nyumbani na shuleni. Makala haya hayakusudii kuibeza methali yenyewe, kwani malezi bila nidhamu si malezi. Yanakusudia kuuliza: je, ni kilio gani kinachobaki moyoni mwa mtoto hata baada ya machozi kukauka?

Katika matumizi ya kawaida, kiwewe ni hali ya mtu kuchanganyikiwa kwa hofu ya ghafla. Leo neno hili limepanuka, nalo hutaja pia jeraha la nafsi litokanalo na tukio zito: kupigwa kupita kiasi, kunajisiwa, kutelekezwa au kushuhudia mauti. Mtoto anapotishwa, mwili wake hutoa homoni, zikiwemo adrenalini na kotisoli, zinazomwandaa kukimbia au kupambana. Hofu ikipita, mwili hutulia. Hofu isipokoma, mtoto huishi kama mlinzi wa usiku asiyepokewa zamu: usingizi humpaa, umakini humpotea, na hasira hukaa karibu. Mwalimu humwita mtundu au mzembe, kumbe ni mgonjwa.

Athari hizi haziishii utotoni. Mwaka 1998, madaktari Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha nchini Marekani utafiti uliowahusisha watu wazima zaidi ya 9,000. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, matumizi ya mihadarati, sonona na kujaribu kujiua kuliko wasiopitia yoyote. Hata hivyo, hatari si hukumu. Wengi hupita humo wakasimama.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulibainisha kuwa miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, wanawake 66 na wanaume 73 katika kila 100 walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha nafuu: takribani 39 na 52. Nafuu hiyo ni ya kushukuriwa, ila bado si ndogo idadi hiyo.

Sisi wa Machakos tuna kumbukumbu yetu. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, moto uliteketeza bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli na kuwaua wavulana 67. Profesa David Ndetei na wenzake waliwachunguza wazazi waliofiwa, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha uzito wa majonzi yao. Tujiulize pia kuhusu wavulana walionusurika na wadogo wa marehemu waliobaki katika nyumba zenye kilio. Hao leo ni watu wazima, na wengine ni wazazi.

Fasihi yetu iliyaona haya mapema. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anamchora Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Msomaji anayemlaumu Rosa kwa maisha yake ya baadaye, na kwa kujiua kwake, hana budi kurudi kwenye kipigo kile.

Nami nina deni la kukiri. Katika shule ya msingi niliyosoma huko Kalama, tulikuwa na mwenzetu tuliyembandika jina la Bubu. Alikuwa hajibu maswali, na kila asipojibu alichapwa, nasi tulicheka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipopata kujua yaliyokuwa yakimpata nyumbani usiku. Nilikutana naye sokoni akiwa amelewa saa nne asubuhi. Alinisalimu kwa jina langu. Mimi nilikuwa nimelisahau lake.

Nini kifanyike? Kwanza, sheria iliyopiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001 itekelezwe. Pili, walimu wafunzwe kutambua dalili: ukimya wa ghafla, kujikojolea baada ya umri wake, majinamizi, kushuka kwa alama. Tatu, kila mtoto apate mtu mzima mmoja wa kumwamini, awe nyanya, mjomba au mwalimu. Wataalamu wanakubaliana kuwa uhusiano huo ni kinga kubwa. Nne, anayehitaji mshauri nasaha au daktari apelekwe bila kuonewa haya, kwani mficha maradhi kifo humwumbua.

Mkulima wa Kalama hangoji korongo lifike mlangoni ndipo achimbe matuta. Huyachimba mapema, udongo ungalipo. Watoto wetu nao wanatuhitaji sasa, kabla mvua haijawachukua.