Juisi ya rozela nyumbani: Jinsi ya kuitengeneza, na ukweli kuhusu "kuongeza damu"

Joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi halina mjadala. Feni inazungusha hewa ya moto, na kila kona kuna mtu ana deli la juisi. Kuna ya miwa, ya ukwaju, ya embe, na ile nyekundu iliyokolea ambayo wengi wanaijua kama rozela. Sehemu nyingine za nchi inaitwa choya.

Rozela ina faida moja kubwa kwa mtu wa nyumbani: haihitaji blenda. Ukiwa na sufuria, chujio na maua makavu ya kutosha konzi mbili, una lita mbili za juisi. Na ukiwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, maua yenyewe unaweza kuyapanda.

Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, watu wengi wanaiharibu juisi hii jikoni. Pili, kuna wanaoinywa kama dawa ya damu na kuacha vidonge walivyopewa kliniki. Hilo la pili ni hatari, na tutalizungumzia hapa.

Rozela ni nini hasa?

Kitaalamu mmea huu unaitwa Hibiscus sabdariffa. Uko kwenye ukoo mmoja na bamia na pamba, ndiyo maana ukiutazama ukiwa shambani ua lake linafanana sana na la bamia.

Tunasema "maua ya rozela", lakini kile kilichoko kwenye pakiti siyo ua. Ua lenyewe linachanua, linanyauka na kudondoka. Yale magamba mekundu yaliyolishika ua kwa chini ndiyo yanabaki, yananenepa na kujaa ukali, na kuizunguka mbegu katikati. Hayo ndiyo tunayakausha.

Kinywaji hiki hakiko kwetu tu. Sudan na Misri wanakiita karkade, Senegal ni bissap, Nigeria ni zobo, na Jamaica wanakinywa sana wakati wa Krismasi.

Unachohitaji kwa lita 2

- Maua makavu ya rozela gramu 50 (kama konzi mbili za mtu mzima)
- Maji safi lita 2 na robo
- Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Karafuu 3 au 4 na kijiti kimoja cha mdalasini
- Sukari nusu kikombe (kama gramu 100)
- Limao moja, ukipenda

Kama una maua mabichi kutoka bustanini, chukua gramu 500 hivi, kwa sababu mabichi yana maji mengi. Toa kwanza ile mbegu ya katikati.

Hatua kwa hatua

1. Chambua. Mwaga maua kwenye sinia. Toa vijiti, majani na vijiwe. Rozela nyingi za sokoni zimeanikwa chini, kwa hiyo mchanga ni jambo la kawaida.

2. Suuza haraka. Weka kwenye chujio, pitisha maji mara moja au mbili, basi. Usiloweke kwenye maji ya kuoshea, maana rangi na ladha zitaishia kwenye sinki.

3. Chemsha maji na viungo. Ponda tangawizi, itie kwenye sufuria pamoja na karafuu, mdalasini na maji yote. Acha ichemke dakika 10. Viungo hivi vinahitaji moto, rozela haihitaji moto mwingi.

4. Zima jiko, ndipo utie rozela. Hapa ndipo wengi wanakosea. Tia maua, koroga, funika, acha dakika 15 hadi 20. Maji ya moto yanatosha kabisa kutoa rangi na ukali wote.

5. Chuja na tia sukari. Chuja ikiwa bado ya moto ili sukari iyeyuke vizuri. Onja kabla hujaongeza.

6. Ipoze. Ikishapoa kiasi, iweke kwenye jagi lenye mfuniko, ipeleke kwenye friji. Limao kamulia wakati wa kunywa.

Maua uliyochuja usiyatupe haraka. Yaloweke tena kwenye maji ya moto lita moja, utapata chai nyepesi ya jioni.

Vipi kuhusu kuloweka bila moto?

Inawezekana. Weka maua kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, funika, acha kwenye friji usiku kucha. Juisi inakuwa laini zaidi na haina uchungu.

Ila maji ya baridi hayaui vijidudu. Kama maua umeyakausha mwenyewe kwa usafi, sawa. Kama umeyanunua na hujui yalianikwa wapi, tumia maji ya moto.

Makosa yanayoharibu juisi

Kuchemsha rozela muda mrefu. Ikichemka nusu saa inakuwa chungu, na wekundu wake unaelekea kwenye kahawia. Ukiona juisi yako inahitaji sukari nyingi kuliko ya jirani, angalia muda wa jikoni kwanza.

Sufuria ya alumini. Rozela ina asidi nyingi, na asidi inakula alumini taratibu. Juisi inaweza kupata ladha ya chuma. Tumia sufuria ya stainless steel au ya bati lenye rangi ambalo halijabanduka. Kama una ya alumini tu, chemshia maji humo, kisha mimina juu ya rozela kwenye jagi la kioo au bakuli la udongo.

Magadi au baking soda kupunguza ukali. Usijaribu. Rangi ya rozela inabadilika kulingana na asidi. Ukiiondolea asidi, wekundu unapotea na juisi inageuka kuwa ya zambarau au kijivu cha kijani.

Tabia hiyo lakini ina faida yake. Umenunua juisi ya "rozela" na una wasiwasi ni maji na rangi ya dukani? Chukua kijiko kimoja, weka kwenye kisahani, tia chembe ya baking soda. Rozela ya kweli itabadilika rangi hapo hapo. Rangi nyingi za dukani zinabaki nyekundu vile vile. Ulichopima mwaga, usinywe.

Barafu usiyojua ilikotoka. Unaweza kuchemsha kila kitu vizuri, halafu ukaharibu mwishoni kwa barafu ya maji mabichi. Kugandisha maji hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya taifodi. Tengeneza barafu kwa maji uliyochemsha, au ipoze juisi kwenye friji tu.

Sukari: Usiigeuze soda

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate sukari ya kuongezwa isiyozidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai.

Kwa kipimo cha hapo juu, glasi moja ya mililita 250 ina kama gramu 12 za sukari, vijiko 3 hivi. Ukitia kikombe kizima badala ya nusu, glasi moja inakumaliza gramu 25 zako zote.

Kama unaona ukali umezidi, ongeza maji kabla ya kuongeza sukari. Vipande vya nanasi au maganda yake yaliyooshwa vizuri, ukiyachemsha pamoja na tangawizi, navyo vinaongeza utamu.

Je, rozela inaongeza damu?

Hili ndilo swali la kila mtu. Mama mjamzito akiambiwa damu imepungua, ushauri wa kwanza kutoka mtaani ni "kunywa rozela". Ni nyekundu, damu ni nyekundu, basi hesabu imekamilika.

Mwili hautengenezi damu kwa kutumia rangi. Unahitaji madini ya chuma, folic acid na vitamini B12. Wekundu wa rozela unatokana na rangi asilia za mimea zinazoitwa anthosiyanini. Hazina uhusiano na wekundu wa damu, ambao unatokana na protini yenye madini ya chuma.

Madini ya chuma kwenye rozela yapo, lakini kinachoingia kwenye glasi ya juisi ni kidogo. Tena rozela, kama chai ya rangi, ina viambata vinavyoweza kuyazuia madini hayo yasifyonzwe vizuri tumboni.

Kwa hiyo mambo matatu:

- Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki vimeze. Juisi haiwezi kuchukua nafasi yake. Upungufu wa damu kwa mjamzito unaweza kuwa suala la uhai, hasa akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua.
- Vimeze kwa maji, siyo kwa chai wala kwa rozela. Acha saa moja au mbili zipite kabla hujanywa vitu hivyo.
- Chakula kinachosaidia damu ni maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Kamulia limao au ndimu kwenye maharage na mboga, kwa sababu vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo.

Na damu ikipungua kuna sababu. Inaweza kuwa malaria, minyoo, hedhi nzito au kitu kingine. Nenda upime.

Na presha je?

Hapa kuna ukweli kiasi. Utafiti mmoja uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2010 ulihusisha watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo, ambao hawakuwa wakitumia dawa. Kundi moja lilikunywa chai ya rozela vikombe vitatu kwa siku kwa wiki 6. Presha yao, ile namba ya juu, ilishuka kwa wastani wa 7.2. Waliopewa kinywaji kingine cha kufanana nayo ilishuka kwa 1.3.

Ni dalili nzuri. Lakini hao ni watu ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo tu. Mwenye presha ya 170 au 180 asiache dawa akategemea jagi la juisi. Tena juisi iliyojaa sukari kila siku inaongeza uzito, na uzito unapandisha presha.

Nani awe mwangalifu?

- Anayetumia dawa za presha au kisukari. Mwambie daktari kama unakunywa rozela kila siku, maana inaweza kuongeza nguvu ya dawa na kushusha presha au sukari kupita kiasi.
- Mjamzito. Usalama wa kuinywa kwa wingi wakati wa ujauzito haujathibitishwa. Uliza mhudumu wa kliniki kwanza.
- Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia. Ukali wake unaweza kuamsha maumivu.
- Meno. Baada ya kunywa, sukutua kwa maji ya kawaida, na subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Inakaa siku ngapi?

Kwenye friji, siku 3 hadi 4. Nje ya friji kwenye joto letu, inywe siku hiyo hiyo. Ikiwa na sukari inaanza kuchachuka haraka: utaona mapovu, harufu ya pombe, au chupa ya plastiki imevimba. Ikifika hapo, mwaga.

Unaweza pia kuigandisha kwenye vifuko vidogo, watoto wapate ashkrimu.

Ukitaka kupanda mwenyewe

Rozela haisumbui. Panda mbegu mvua zinapoanza, sehemu inayopata jua siku nzima. Acha karibu mita moja kati ya shina na shina, kwa sababu mmea unaweza kufika urefu wa mtu na kutanuka. Huna shamba? Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha shina moja.

Usipande mahali ulipotoka kuvuna bamia, maana mimea hii inashambuliwa na wadudu na minyoo ya udongo wa aina moja.

Mavuno yanaanza baada ya miezi minne hadi sita. Chuma magamba yakiwa manene, mekundu na bado laini, kama wiki mbili au tatu baada ya ua kudondoka. Ukichelewa yanakuwa magumu kama makumbi.

Toa mbegu, anika kwenye chekeche au kitambaa safi kilichoinuliwa kutoka chini, funika kwa neti. Kivuli chenye upepo ni bora kuliko jua kali, kwa sababu jua linafifisha rangi. Yakivunjika kwa mkono kama chipsi kavu, yako tayari. Yaweke kwenye kopo lisiloingiza hewa.

Majani machanga nayo yanaliwa kama mboga, na yana ukali wake mzuri. Na mbegu chache zitunze kwa msimu ujao.