Mabingwa wa Kukunja: Kisu Kipi Hufunguka Laini Kuliko Vyote?

Rekodi za visu vya kukunja hupenda mambo yanayoonekana kwa mbali: urefu, uzito, wingi wa mabapa. Mpakuaji wa mizigo kwenye ghala la Enterprise Road, hapa Industrial Area, Nairobi, ana kipimo chake. Mkono mmoja umeshika boksi, wa pili umeingia mfukoni. Ama kisu kifunguke kwa kidole gumba, ama kazi isimame. Mabingwa wafuatao nimewapima kwa kipimo hicho.

Kikubwa kuliko vyote kilitengenezwa Ureno mwaka 2003. Kikiwa wazi kina urefu wa mita 3.9, na uzito wake ni kilo 122. Kidole gumba hakina lake hapo, tusonge.

Kwa wingi wa mabapa, Waingereza ndio waliopagawa. Kampuni ya Joseph Rodgers ya Sheffield ilitengeneza kisu chenye mabapa 1,822 kuadhimisha mwaka wa 1822. Kwa wingi wa kazi, Wenger Giant cha Uswisi kiliingia katika kitabu cha Guinness kikiwa na vifaa 87 vya kufanyia kazi 141. Hiki cha Uswisi ni jamaa ya kile kisu chekundu ambacho Karl Elsener alikisajili Juni 1897, na ukoo huo una tabia moja: springi ya mgongoni hukandamiza kitako cha bapa wakati wote, kisu kikiwa wazi au kimefungwa. Ndiyo sababu unahitaji ukucha, na ukucha wa mtu aliyeshinda akibeba vyuma huvunjika mapema. Ugumu huo si kasoro. Springi ikilegea, bapa litakufungukia mfukoni.

Kinachonuna zaidi msimu wa mvua, bila mpinzani, ni Opinel. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 katika milima ya Savoie, Ufaransa: mpini wa mbao, pini moja, bapa moja, basi. Mbao zikinywa maji huvimba na kulibana bapa. Wenyeji wa Savoie hugonga kitako cha mpini mezani hadi bapa lichomoze kidogo, ndipo walivute kwa vidole. Mvua za Aprili zikikukuta Lunga Lunga Road na Opinel mfukoni, utajifunza kugonga kama wao.

Chenye kelele kuliko vyote kina historia inayotugusa. Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, likiwemo lile lililokuja kuitwa Tanganyika. Kilipewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka uliotangulia tu. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kitako cha bapa lake kina meno, na springi huruka kutoka jino hadi jino: krrk, krrk, krrk. Ili ukifunge, unavuta pete. Ukitafuta ulaini umepotea njia, lakini hakijali uchafu.

Tufike kwenye fainali. Kinachofunguka upesi zaidi ni kisu chenye beringi, yaani gololi ndogo zilizopangwa kuizunguka pini pande zote mbili za bapa. Gololi hubingirika badala ya kusuguana. Unaligusa bapa na limeshafika. Mpinzani wake ni washa za bronzi, yaani visahani vyembamba vinavyokaa kati ya bapa na mpini, na mwakilishi wake maarufu ni Sebenza, kazi ya Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani. Ndani ya Sebenza kubwa pini imevalishwa bushi ndefu kidogo kuliko unene wa bapa na washa zake. Unakaza skrubu hadi mwisho, na bado bapa halibanwi, kwa sababu nguvu yote ya skrubu inabebwa na bushi. Halifunguki kwa kasi ya beringi. Linateleza kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, na mimi ulaini huo naupenda zaidi.

Huku kwetu vumbi ndilo refa. Diski za grinda zinazokata mageti kutwa nzima hutema chembe za oksidi ya alumini, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha bapa lililokazwa. Chembe moja ikiingia njiani mwa gololi, bapa linaanza kukwaruza na kushtuka. Kwenye washa pana nafasi ndogo ya uchafu kupenya, na ukipenya, mara nyingi husukumwa pembeni bapa linapozunguka.

Kuna mshindani asiyeandikwa katika kitabu chochote: kisu cha jua kali, bapa lililochongwa kutoka springi ya gari na kushikwa kwa ribiti. Hapa pigo la mwisho la nyundo ndilo linaloamua kila kitu. Ribiti hunenepa ikigongwa. Ikizidishwa, bapa linakwama, na haina skrubu ya kulegeza. Fundi mjuzi huchomeka kipande cha karatasi au bati jembamba kati ya bapa na mpini kabla ya kugonga, kisha hukichomoa. Nafasi inayobaki ndiyo ulaini wenyewe. Mikasi na koleo hufuata kanuni iyo hiyo.

Uamuzi wangu: kwa kasi, beringi; kwa Industrial Area, washa za bronzi; kwa mfuko mwepesi, ribiti iliyogongwa na mtu mwenye subira. Na kabla hujakitupa kisu kilichogoma, kioshe kwa maji ya uvuguvugu ukikifungua na kukifunga, kikaushe vizuri, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Oili chafu ya gari usiiguse: imejaa masizi na unga wa chuma, na itakurudishia uchafu uleule uliotoka kuuosha. Kama kina skrubu, ilegeze kidogo kidogo, na uache kabla bapa halijaanza kuchezacheza.