Namba Ngapi, Mwaka Gani?

Mtu akiweka modeli ya kichwa cha treni ya dizeli mbele ya waundaji wa modeli wa Uingereza, asitarajie kuulizwa bei wala muda aliotumia. Ataulizwa mambo mawili: ni namba ngapi, na ni ya mwaka gani? Akijibu kwamba ni Class 37 tu, ya zamani zamani, hakuna atakayemfukuza. Ila mazungumzo yatapoa, na mmoja baada ya mwingine atakumbuka kwamba hajanywa chai.

Maswali hayo yana msingi. Class 37 zilitengenezwa 309 kati ya 1960 na 1965, na mtengenezaji alikuwa English Electric, kampuni ile ile iliyoiuzia Reli ya Afrika Mashariki vichwa vyake vikubwa vya dizeli mwanzoni mwa miaka hiyo. Kwa mpita njia zote ni moja: pua mbele na nyuma, injini ya silinda 12, na ngurumo nzito iliyozipa jina la utani la Trekta. Kwa muundaji, kupata mbili zinazofanana kabisa ni kazi. Zile 119 za mwanzo zilikuwa na visanduku viwili vya namba ya safari usoni, kimoja kila upande na mlango katikati. Zilizofuata zikawekewa kisanduku kimoja cha katikati. Zilitoka kiwandani zikiwa kijani, zikapakwa kipande cha njano puani ili mafundi wa njiani wazione kwa mbali, kisha uso mzima ukawa njano na kijani kikaipisha buluu ya British Rail, shirika la reli la taifa. Namba nazo zilihama. Kichwa cha kwanza kabisa, D6700, baadaye kilikuwa 37119, halafu 37350, na leo kimo katika hazina ya makumbusho ya taifa ya reli. D6983 nacho kiliharibika vibaya katika ajali karibu na Bridgend, Wales, Desemba 1965, kikafutwa. Namba za mfumo wa kompyuta zilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, chenyewe kilikwisha kuwa chuma chakavu. Atakayekipaka buluu na kukibandika namba inayoanza na 37 atarekebishwa kwa upole kabla hajaketi.

Kwa hiyo watu hawa hawatengenezi mashine kwa jumla. Wanatengeneza mashine moja jinsi ilivyokuwa katika majira fulani, na ushahidi unaokubalika ni picha yenye tarehe. Kumbukumbu ya mtu, hata awe dereva mstaafu, husikilizwa kwa heshima kisha hutafutiwa picha. Sehemu inayosumbua kuliko zote ni paa. Wapenzi wengi wa reli walisimama jukwaani wakapiga picha za ubavu na uso, ndiyo maana yule aliyepanda daraja la waenda kwa miguu akapiga picha kutoka juu, na kuona feni, dohani na viraka vya rangi, anakumbukwa kwa shukrani na watu ambao hawajawahi kumwona.

Wao wenyewe huwaita wakali zaidi kati yao wahesabu ribiti. Jina hilo ni kejeli na sifa kwa pamoja, inategemea nani analitamka. Dhidi yao ipo kinga ambayo kila mwanajamii anaijua, iitwayo Sheria ya Kwanza: reli ni yangu. Mtu akitaka kichwa cha Scotland kivute mabehewa ya makaa ya Wales katika mwaka ambao hakijawahi kushuka huko, anataja Sheria ya Kwanza na ubishi unakoma. Unakoma mdomoni, angalau.

Kuna jambo moja ambalo sheria hiyo haijalimaliza kwa miaka mingi: upana wa reli. Hapo zamani, kati ya vita vikuu viwili vya dunia, mota za umeme zilikuwa kubwa mno kuingia ndani ya modeli za vichwa vya Uingereza, ambavyo kwa kawaida ni vyembamba kuliko vya bara la Ulaya. Watengenezaji wakakuza mwili hadi milimita 4 kwa kila futi, yaani uwiano wa karibu 1 kwa 76, lakini reli wakaiacha pale pale kwenye milimita 16.5. Huu ndio mtindo wa OO, na ndio unaotawala maduka hadi leo. Kwa hesabu sahihi reli ya kawaida yenye milimita 1,435 ingepaswa kuwa milimita 18.83. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila ukiitazama treni kwa mbele utaiona imesimama kwenye miguu iliyobanana.

Wasioweza kuivumilia walijitenga. Kundi la EM hutumia milimita 18.2 na limekuwa na chama chake tangu 1955. Miaka ya 1960 wakaja wa P4, waliotaka 18.83 kamili, pamoja na magurudumu membamba yanayodai reli iliyolazwa kwa ustadi wa hali ya juu. Makundi haya matatu huishi kama madhehebu ya dini moja: wanazikana, wanatembeleana, wanaazimana vifaa, na kila mmoja anamsikitikia mwenzake kidogo. Wengi wa OO wanakiri kwamba P4 ni nzuri zaidi. Wanaongeza tu kwamba wangependa kuona treni ikitembea kabla hawajafa.

Novisi haanzii kwenye kichwa cha dizeli. Huambiwa aanze na behewa la mizigo, na mara nyingi huwa ni la makaa la tani 16, chombo cha chuma kilichotapakaa Uingereza nzima baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndani ya boksi kuna vipande vya plastiki ya kijivu vikiwa bado vimeshikana na fremu yake. Hukatwa kwa kisu chenye makali ya upasuaji, kingo hupitishiwa msasa, kisha ubavu na upande wa mwisho hushikwa pamoja na kuguswa kwa brashi yenye butanoni. Kimiminika hicho si gundi. Hujipenyeza chenyewe kwenye ufa, huyeyusha plastiki kidogo, na baada ya sekunde chache vipande viwili vimekuwa kimoja. Hapo mkono usitetemeke, kwa sababu tone likidondokea ubavuni huacha kovu.

Fremu ya chini huunganishwa juu ya kipande cha kioo, maana kioo hakina kilima. Ncha za ekseli huingia kwenye vikombe vidogo vya shaba. Behewa likimaliziwa huwekwa kiooni na kubonyezwa kona moja baada ya nyingine. Likichezacheza, gurudumu moja halijagusa chini, na litaanguka kwenye reli mbele za watu. Halafu hujazwa uzito uliofichwa, takribani gramu 25 kwa kila ekseli kwa desturi ya wengi.

Baada ya hapo kuna jambo linaloshangaza wageni. Kitu kilichotengenezwa kwa uvumilivu wote huo huchafuliwa kwa makusudi. Behewa la makaa hupakwa kwanza rangi ya kutu, hupuliziwa spreya ya nywele, kisha rangi ya kijivu juu yake. Brashi yenye maji ikipita, ile spreya huachia na rangi hubanduka vipande vipande kama inavyobanduka kwenye bati halisi. Wazee wengi wa fani hii ni wateja waaminifu wa rafu ya vipodozi, ingawa nywele zenyewe ziliwaaga zamani.

Vichwa vya dizeli vina uchafu wenye mantiki yake. Vumbi la breki ni la kahawia na hukaa kwenye bogi, yaani fremu za magurudumu. Masizi hutanda paani kuzunguka dohani. Brashi za mashine ya kuosha treni husugua ubavu ulio bapa lakini hazifiki kwenye kingo za milango na nyuma ya vishikio, kwa hiyo weusi hubaki humo. Anayepuliza vumbi sawasawa kote anaonekana mara moja kwamba hajawahi kuangalia treni, na kwa maoni ya mwandishi huyu kosa hilo linaudhi macho kuliko ribiti zote zilizokosekana.

Fahari za makarakana nazo zimerithiwa. Mafundi wa Stratford, mashariki mwa London, walipenda kupaka paa za vichwa vyao vya Class 47 rangi ya kijivu cheupe, wakachora na shomoro kama nembo. Eastfield ya Glasgow ilikuwa na kijibwa cha nyanda za juu, Inverness kulungu dume mwenye pembe, na Thornaby ndege mdiria. Makarakana kadhaa ya aina hiyo yamefungwa, lakini ushindani wake unaendelea mezani. Leo sauti nayo imo: spika ndogo hukaa ndani ya tangi la mafuta la modeli na kutoa mngurumo uliorekodiwa kwa injini halisi zilizohifadhiwa. Na viwanda sasa huuza vichwa vikiwa na vishikio vya waya, taa na nembo tayari, jambo linalowafurahisha wanunuzi na kuwakera wale waliozoea kukata miili ya modeli za kampuni ya Lima ya Italia kwa msumeno ili kupata pua iliyo sahihi.

Wote hukutana kwenye maonyesho, Jumamosi na Jumapili, katika kumbi za shule na vituo vya michezo. Kuna chai, keki na mikate ya nyama. Mtazamaji haruhusiwi kugusa. Mwendeshaji ndiye mwenye ruhusa, na hata yeye huona aibu treni ikikwama ikabidi mkono wake mkubwa ushuke kutoka mbinguni kuisukuma. Wengi ni wanaume wa makamo na kuendelea, na kila mmoja ana kabati nyumbani lenye seti ambazo hazijafunguliwa, ambazo idadi yake mke huambiwa kwa makadirio ya chini.

Mwenzao akifariki, chama husaidia familia kuuza vitu hivyo, kwa kuwa wajane wengi hawajui kwamba boksi chakavu linaweza kuwa na thamani kuliko jipya. Vinapangwa kwenye meza ya mitumba pembeni ya ukumbi, bei zikiandikwa kwa penseli. Wanachama hununua hata wasivyovihitaji. Ndani ya boksi mara nyingine hukuta karatasi yenye mwandiko wa marehemu: namba ya kichwa, jina la karakana, mwezi na mwaka. Wapo wanaovimalizia hivyo hivyo alivyokusudia, hata kama wao ni watu wa enzi nyingine kabisa.