Chuo cha "Banda la Kuku" na Kijana Aliyekuja Kukiongoza

Leo chanjo na viuatilifu tuviweke pembeni kidogo. Kuna kijana wa kwenye kata yangu, anafuga kuku wa mayai, amepata nafasi ya kusoma stashahada ya kilimo lakini hataki kwenda. Ananiambia, "Afisa, wenzangu wapo chuo kikuu, mimi nikasome chuo cha kati?" Iliniuma, maana mimi mwenyewe ni mtu wa stashahada. Nikamsimulia habari za Eduardo Padrón.

Padrón alizaliwa Cuba. Mwaka 1961, akiwa bado kijana wa shule, wazazi wake walimtuma Marekani bila wao, katika mpango uliovusha watoto zaidi ya 14,000. Vyuo vikubwa alivyoomba vikamkataa. Kilichompokea ni chuo cha jamii cha Miami, kilichofunguliwa mwaka 1960. Wanafunzi wa mwanzo walikitania kwa kukiita "Chuo cha Banda la Kuku", kwa sababu baadhi ya madarasa yalikuwa majengo ya shamba yaliyokarabatiwa. Banda la kuku, jamani!

Alipotoka hapo alisonga mbele mpaka shahada ya uzamivu ya uchumi, University of Florida. Alikuwa anaelekea kwenye kazi ya kampuni, lakini akaombwa arudi afundishe kwa mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja ukawa karibu miaka 50. Mwaka 1980 alipewa kampasi moja aiongoze, na kuanzia 1995 mpaka 2019 akawa rais wa chuo kizima, maana kule mkuu wa chuo huitwa rais.

Alifanya nini? Aliuacha mlango wazi kwa wale vyuo vingine visiowataka: wahamiaji, maskini, watu wazima wanaofanya kazi mchana na kusoma usiku. Mafunzo yaliendana na kazi zilizopo mjini. Kuanzia 2003 chuo kikaanza kutoa na shahada. Wanafunzi wakapita 160,000. Mwaka 2016 Rais Obama akamvisha nishani ya juu kabisa ya raia.

Sasa tusidanganyane. Siyo kila mwenye stashahada atakuwa rais wa chuo, na siyo kila chuo kina thamani ya ada yako. Kabla hujalipa, nenda ukakague kama unavyokagua vifaranga kabla ya kununua. Uliza: shamba la mafunzo lipo na linazalisha? Mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi? Waliomaliza wanafanya nini leo? Na nikitaka kuendelea na shahada, cheti chenu kinapokelewa?

Halafu kuna kuku. Miaka miwili siyo mchezo. Kijana wangu nimemshauri auze waliopunguza kutaga, abakize kundi ambalo mama yake ataliweza, na daftari la chakula na mayai aliache kwa mdogo wake. Likizo atarudi kukagua mwenyewe.

Mwisho wa kuthibitisha nafasi ni Ijumaa. Jana jioni alinipigia, akauliza chuo kiko umbali gani kutoka stendi. Hajasema anaenda, ila swali hilo nimelipenda.

Na wewe uliyeficha barua yako ya kujiunga chini ya godoro, itoe tuizungumze.